Elimu Isiyo na Amri

Mfamasia wa hospitali amepewa elimu nyingi na amri kidogo. Aijua dawa tangu asili yake hadi mwisho wake mwilini, ajua ni lini itaponya na ni lini itadhuru, na mara nyingi ndiye mtu wa kwanza kuona kwamba dozi iliyoandikwa usiku wa jana haimfai mgonjwa wa asubuhi hii. Walakini kalamu ya kuandikia dawa, katika hospitali nyingi, imo mkononi mwa tabibu, mkono wa kumpa mgonjwa dawa hiyo ni wa muuguzi, na kinywa cha kuimeza ni cha mgonjwa mwenyewe. Kati ya hao watatu mfamasia husimama na maarifa yake, na maarifa hayo hayafanyi kazi yoyote mpaka yawe yamekwisha kuingia katika akili ya mtu mwingine. Kwa sababu hii nasadiki, baada ya miaka mingi ya kazi katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, kwamba hakuna fani iliyonifaa katika maisha yangu ya ufamasia kuliko fani ya kufundisha, wala hakuna sehemu ya mafunzo yangu ninayoishukuru zaidi ya ile ambayo wenzangu wengi waliihesabu kuwa ziada.

Nataka kuieleza sehemu hiyo kwa tuo, kwa kuwa vijana wetu wanaosoma ufamasia, wa Mombasa na Dar es Salaam na wale walioko ughaibuni kadhalika, huniuliza kama inawapasa kutoa saa zao adimu kwa mafunzo ya ualimu ilhali hawakusudii kuwa walimu wa chuo. Jibu langu ni kwamba yawapasa, na sababu zake si zile zinazotajwa kwa kawaida.

Nilizaliwa Mombasa, nikasomea shahada ya ufamasia Marekani, na baada ya shahada nikaingia katika mwaka wa mafunzo ya hospitali ambao huko huitwa rezidensi. Desturi hiyo ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1927 Harvey Whitney alianzisha katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, mafunzo ya kazi kwa wafamasia waliokwisha kuhitimu, na bwana huyo huyo ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa chama cha wafamasia wa hospitali wa Marekani kilipoundwa mwaka 1942. Chama hicho ndicho kinachoweka leo kanuni za rezidensi, na katika kanuni za mwaka wa kwanza kimetaja maeneo manne ya umahiri: kuhudumia wagonjwa, kuendeleza utendaji wa kazi, uongozi, na kufundisha. Basi kila rezidenti hana budi kufundisha kiasi fulani kabla ya kuhitimu. Ila kanuni humwagiza afundishe, na si kila hospitali ina mtu wa kumwonyesha namna.

Pengo hilo ndilo lililozibwa na mipango ya cheti cha ualimu ambayo vyuo vya ufamasia viliiandaa kwa ajili ya marezidenti. Chuo Kikuu cha Kentucky, mjini Lexington, ni miongoni mwa vilivyotangulia, na mwaka 2005 walimu wake walichapisha maelezo ya mpango wao katika jarida la Kimarekani la elimu ya ufamasia. Mpango nilioupitia mimi ulifuata njia inayofanana na hiyo. Tulikusanyika mara kwa mara tangu Julai hadi Juni, marezidenti wa hospitali mbalimbali, tukasoma namna ya kuandika malengo ya somo kwa vitenzi vinavyoweza kuonekana na kupimwa, kwa kufuata ngazi za maarifa ambazo Benjamin Bloom na wenzake walizitoa mwaka 1956. Tukatunga maswali ya mtihani na kuyachambua. Tukaongoza mijadala ya vikundi vidogo. Tukatoa mihadhara mbele ya wanafunzi wa ufamasia. Tukasimamia wanafunzi wodini. Na mwisho wa mwaka kila mmoja akakabidhi jalada lenye kazi zake zote, likitanguliwa na waraka mfupi wa kueleza anaamini nini juu ya kufundisha na kwa nini.

Sikatai kwamba wenzangu waliokataa kujiandikisha walikuwa na hoja. Mwaka wa rezidensi ni mwaka mzito: kanuni huruhusu saa za kazi zifike 80 kwa juma, kwa wastani wa majuma manne, na ndani ya saa hizo mna kazi za wodini, zamu za mwisho wa juma, utafiti ambao sharti ukamilike kabla ya mwaka kwisha, na maombi ya kazi ambayo huanza kuandikwa kabla mtu hajazizoea barabara za hospitali yake. Mmoja wao, kijana mwenye akili kali, aliniambia kwa upole kwamba yeye akusudia kuwa mfamasia wa wagonjwa mahututi, si profesa, na kwamba saa za kujifunza kutunga maswali ni afadhali azitumie kusoma matibabu ya maambukizo ya damu.

Hoja hiyo ilisimama juu ya dhana kwamba mwalimu ni yule aliyeajiriwa na chuo, na dhana hiyo haipatani na hali ilivyo. Mwanafunzi wa ufamasia wa Marekani hutakiwa, karibu na mwisho wa masomo yake, kukaa kazini saa zisizopungua 1440, yaani majuma 36, katika hospitali, kliniki na maduka ya dawa. Vyuo havina maprofesa wa kutosha kuwasimamia wanafunzi wote hao, wala haviwezi kuwa nao, na kwa hiyo mzigo mkubwa wa malezi yao umo mabegani mwa wafamasia wa kazi, ambao wengi wao hawakupata hata somo moja la kufundisha. Mfamasia huajiriwa, naye kabla hajaizoea kazi yake huletewa mwanafunzi. Yule rafiki yangu wa wagonjwa mahututi aliletewa wa kwanza mapema mno, na kwa insafu naongeza kwamba aliipenda kazi hiyo, na alijifunza peke yake, kwa taabu kubwa, mambo ambayo sisi tulikuwa tumeonyeshwa.

Katika yote tuliyoonyeshwa, lililonifaa kuliko mengine ni kutazamwa. Kila mmoja wetu alikuwa na mlezi aliyekuja kumwangalia akifundisha. Wangu alikuwa mama wa makamo, mfamasia wa maradhi ya moyo, mchache wa maneno, ambaye wanafunzi walimwogopa kwa juma moja na kumpenda kwa maisha yote. Siku nilipotoa mhadhara wangu juu ya dawa za kuzuia damu kuganda, aliketi safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango, akiwa na karatasi aliyoigawa kwa mstari mmoja wa wima. Upande wa kushoto aliandika, dakika baada ya dakika, mambo aliyoyafanya mwalimu. Upande wa kulia, kwa dakika zile zile, mambo waliyoyafanya wanafunzi: wawili wanaandika, mmoja anatazama simu, yule wa dirishani ameinua mkono na kuushusha, wanne wanapiga hesabu, mmoja anamweleza jirani yake, jirani anatikisa kichwa na kuanza upya. Mhadhara ulipokwisha hakunena neno la sifa wala la lawama. Alinipa karatasi ile, akaniomba niusome upande wa kulia peke yake, kana kwamba wa kushoto haukuandikwa kabisa, kisha nimwambie ni dakika zipi ambazo ningeweza kuthibitisha kwamba mtu fulani alikuwa akijifunza.

Zoezi hilo lilinipa mizani ambayo nimeitumia tangu siku ile katika kila jambo la kazi yangu. Mfamasia anayemweleza mgonjwa dawa za kwenda nazo nyumbani hujipima aghalabu kwa upande wa kushoto: nimetaja jina la dawa, nimetaja dozi, nimetaja madhara, nimempa karatasi, nimetia sahihi. Hayo yote yaweza kutimizwa mbele ya mtu ambaye hakusikia neno lolote kwa sababu alikuwa akifikiri ni nani atakayekuja kumchukua kwa gari. Mwenye kuzoea kuusoma upande wa kulia humtazama mgonjwa, huona macho yalipohama, husita, huuliza, huanza tena. Nimewaona wafamasia wenye ilimu kubwa ya dawa wakiishi miaka yao yote upande wa kushoto, na nawasikitikia, kwa kuwa juhudi yao ni ya kweli na natija yake ni ndogo.

Mlezi huyo huyo ndiye niliyemwona wodini akiwa na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, kijana wa kiume mwenye haya nyingi, aliyekuwa amepewa mgonjwa mzee mwenye damu iliyoganda mapafuni. Mzee yule alikuwa ameandikiwa sindano za enoksaparini, miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake, mara mbili kwa siku.

“Dozi hii wewe ungeiacha ama ungeibadilisha?” aliuliza mlezi.

“Ningeiacha.”

“Umeangalia nini hata ukaamua kuiacha?”

“Uzito wake, na sababu ya kupewa dawa.”

“Na dawa hii hutoka mwilini kwa njia gani?”

Kisha akanyamaza. Palikuwa na kelele za kitanda kinachosukumwa na mlio wa mashine nyuma yetu, na mimi niliyesimama kando nilikuwa nalo jibu midomoni, lakini mama yule alimtazama kijana kwa utulivu kana kwamba asubuhi yote ilikuwa imetengwa kwa jambo hilo moja. Kijana aliiinamia karatasi yake, akashusha kidole juu ya orodha ya vipimo vya damu hadi kwenye kreatinini, akatoa kikokotoo mfukoni, akakokotoa, akarudia kukokotoa. Figo za mzee zilikuwa zikisafisha chini ya mililita 30 kwa dakika. Alipoinua uso wake ulikuwa uso wa mtu mwingine. “Mara moja kwa siku,” alisema, “si mara mbili.”

“Dawa inayotoka kwa figo, uzito ni nusu tu ya hesabu,” alisema mlezi. “Umeuangalia uzito bila kuambiwa, na hilo ni jema. Kesho anza na figo. Sasa nenda ukamwambie daktari, nami nitasimama nyuma yako.”

Mazungumzo hayo yote yalikuwa mafupi kuliko safari ya lifti, na hayakuwa kipaji cha kuzaliwa nacho. Ilikuwa ni njia iliyoandikwa na kufundishwa, ambayo matabibu wa familia wa Marekani waliichapisha mwaka 1992 kwa ajili ya walezi wasio na wasaa: kwanza mwanafunzi aseme uamuzi wake, kisha aulizwe umesimama juu ya dalili zipi, kisha apewe kanuni moja ya jumla, isizidi moja, kisha aambiwe waziwazi alichokifanya vyema, na mwisho asahihishwe. Tulipoisoma darasani iliniingia kama orodha nyingine ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Ni pale wodini, nilipoona hatua zote zikipita katika kinywa cha mtu aliyezizoea hata hazionekani tena kuwa hatua, ndipo nilipofahamu kwamba mtu aweza kufundisha barabara katikati ya kazi bila kuisimamisha kazi.

Nikaze neno juu ya ule unyamavu, maana ndio sehemu ngumu. Mary Budd Rowe, mtaalamu wa Kimarekani wa elimu ya sayansi, alipima katika miaka ya 1970 muda ambao walimu hungoja baada ya kuuliza swali, akakuta kwamba aghalabu hauzidi sekunde moja hivi, na kwamba walimu wanapozoezwa kungoja sekunde tatu au zaidi majibu hurefuka, na wanafunzi waliokuwa wakidhaniwa wazito huanza kusema. Sekunde tatu ni kitu kidogo kukitaja na kikubwa kukivumilia, seuze wodini, ambako kila mtu yu mbioni na mwenye jibu huona aibu kukaa nalo. Sisi tuliosomea Kurani kwa maalimu wa mitaani tuliyaona haya utotoni bila kuyatilia maanani: mtoto husoma, maalimu husikiliza, na mtoto akikwama kwenye aya maalimu humwacha ahangaike kidogo, macho yake yako kwenye msahafu, kidole chake hakitikisiki, naye hatoi neno mpaka ahakikishe kwamba mtoto hawezi kulipata mwenyewe. Nilikwenda mbali sana kujifunza kungoja namna hiyo.

Mpango ulipokwisha nikaajiriwa, na hapo ndipo nilipoanza kuiona thamani ambayo hakuna aliyenitajia. Daktari kijana aliyemaliza zamu ya usiku, mwenye usingizi machoni na wagonjwa wengi mikononi, haiwi vyema kumwambia mbele ya wenzake kwamba alichokiandika si sahihi, hata kama si sahihi. Atakibadilisha siku hiyo kwa sababu hana la kufanya, na kesho atakwepa kuniuliza. Lakini nikimwuliza ni kiwango gani cha kreatinini alichokitumia, nikanyamaza kidogo, mara nyingi huona mwenyewe, hushukuru, na juma la pili hunipigia simu kabla hajaandika. Muuguzi anayeambiwa tu saa ya kuchukua damu ya kupima kiasi cha dawa ataitimiza saa hiyo akiikumbuka. Akifahamishwa kwa nini ni saa hiyo, atakuwa mlinzi wa jambo hilo wodi nzima, na atawafundisha wauguzi wageni pasipo mimi kuwapo. Hivyo ndivyo elimu isiyo na amri inavyopata nguvu. Ushauri wa mfamasia hauna jeshi nyuma yake. Hukubaliwa kwa sababu mwenye kuupokea ameuelewa na amemwamini aliyeuleta, na vitu viwili hivyo, kueleweka na kuaminiwa, ndivyo tulivyokuwa tukizoezwa katika vikao vile ambavyo wenzangu waliviita vya maprofesa.

Lexington na viunga vyake vina jamaa wengi waliotoka Kongo ya mashariki, watu waliokimbia vita na kukaa makambini miaka mingi kabla ya kufika Marekani, na Kiswahili husikika humo madukani na makanisani. Siku moja kliniki yetu ilimpokea mama mmoja wa jamaa hao, aliyepatwa na damu iliyoganda mguuni, akaandikiwa warfarini. Dawa hii ni ya zamani na ni nzuri, lakini haina msamaha: ikipungua damu huganda, ikizidi mtu huvuja damu, na kipimo cha damu kiitwacho INR, kinachoonyesha jinsi inavyofanya kazi, chatakiwa kikae kati ya 2 na 3 kwa mgonjwa wa namna yake. Mboga za majani zina vitamini K inayopingana nayo, na kwa hiyo mgonjwa huambiwa aile mboga yake kwa kadiri moja juma hadi juma. Karatasi ya maelezo aliyopewa ilitaja spinachi na mboga nyingine za masoko ya Marekani, wala haikuwa na habari ya kisamvu, ambacho kwao ni sombe.

Alifika na binti yake, ameikunja karatasi ile mara nyingi hata imekuwa ndogo kama kitambaa. “Mwana wangu,” aliniambia, “banasema nisikule majani. Sombe njo chakula yetu. Mukinikataza sombe, nitakula nini?”

Nilimwuliza aipika mara ngapi kwa juma. Mara tatu, akasema, na Jumapili. Nikamwuliza kama kuna majuma asiyoipika. Akafikiri, akamtazama binti yake, akasema kuna siku za kufunga kanisani ambazo nyumba nzima haili kitu kizito. Tukakubaliana kwamba sombe ibaki mezani kama ilivyo, na kwamba kabla ya kila funga atatupigia simu tumpime. Kisha nikatoa vidonge nikaviweka juu ya meza, maana warfarini ya Marekani ina rangi zake kwa kila nguvu: cha miligramu 5 ni cha rangi ya pichi, cha 2.5 ni kijani, cha 1 ni waridi. Sikumwuliza kama ameelewa, kwa kuwa swali hilo watu wa heshima hulijibu “ndiyo” kwa kumstahi mwulizaji. Nilimwomba amweleze binti yake, kwa maneno yake mwenyewe, atafanya nini kuanzia leo, nami nisikilize.

Akageuka kitini, akakinyanyua kile cha kijani. “Hii kinini njo ya siku ya Posho na siku ya Yenga,” alimwambia binti, naye alisema kwa sauti ya mtu mwenye mamlaka ya nyumba, “na siku zingine ni hii ya rangi ya papayi. Sombe tutaendelea, lakini tusizidishe, na tusiache. Nikitoka damu kwa meno, unaita hawa watu, haungoje asubuhi.” Aliongeza jambo nililokuwa sijamwambia, kwamba majirani wasimpe dawa za maumivu wanazonunua dukani, kwa kuwa alisikia mwenzake mmoja aliumia kwa hizo, nikamthibitishia kwamba ni kweli, baadhi ya dawa hizo zikichanganyika na warfarini huongeza hatari ya kutoka damu. Yule mama alitoka pale akiwa mwalimu wa nyumba yake, na miezi iliyofuata vipimo vyake vilitulia vizuri kuliko vya wagonjwa wengine wengi waliosoma karatasi ile kwa lugha yao wenyewe.

Kufika hapa msomaji aweza kuniuliza: na kazi je, na cheo? Ni haki aulize, kwani kijana mwenye madeni ya chuo hawezi kula fadhila. Cheti chenyewe, nijuavyo mimi, hakiongezi mshahara hata senti moja siku ya kuajiriwa. Kinachoongeza ni mambo yanayokifuata. Hospitali nyingi za Marekani humtaka mwombaji wa kazi ya kitabibu atoe mhadhara mfupi mbele ya wafamasia watakaofanya kazi naye, na chumba kile huwa na watu waliochoka, ambao wamewasikia waombaji wengine juma lile lile. Aliyezoezwa kusoma upande wa kulia hudhihirika hapo kabla hajafika nusu ya maneno yake. Mimi niliulizwa zaidi juu ya jalada langu la ufundishaji kuliko juu ya utafiti wangu. Waliokuwa wakiniajiri walihitaji mtu wa kupokea wanafunzi, na waliiona kazi yangu imeandikwa na kupimwa na wengine, si kusifiwa na mimi mwenyewe. Baada ya hapo, kila mara palipotafutwa mtu wa kuwaandaa wauguzi kwa dawa mpya, au wa kueleza mbele ya kamati ya matabibu kwa nini dawa fulani iondolewe katika orodha ya hospitali, niliitwa, na kwa njia hiyo nikajulikana kwa watu ambao mfamasia wa kawaida huwaona kwa majina tu katika tarakilishi. Leo naongoza mafunzo ya marezidenti, kazi ambayo sikuiomba.

Hata hivyo sisifu kila mpango wenye jina hilo. Ipo mipango ambayo rezidenti huhudhuria vikao, hutia sahihi, huandika waraka wa imani yake ya kufundisha kwa kuunga maneno ya waraka wa mwenzake, naye hupewa cheti bila mtu yeyote kumwona akifundisha. Mpango wa namna hiyo naona ni dhuluma kwa kijana, kwa sababu humchukulia saa alizokuwa akizihitaji kwa usingizi na kumpa karatasi ambayo chumba cha usaili kitaikanusha. Wanaoniuliza nawaambia waulize maswali mawili kabla ya kujiandikisha: nani atakayenitazama nikifundisha, na nitazungumza naye muda gani baadaye. Pasipo jibu la wazi, wasome matibabu ya maambukizo ya damu, na rafiki yangu atakuwa amesema kweli.

Kwetu Afrika Mashariki rezidensi ya wafamasia kwa umbo lile la Marekani si desturi iliyoenea, lakini tunao mwaka unaofanana nayo kwa jambo moja kubwa. Kenya na Tanzania mfamasia aliyehitimu hutumikia mwaka wa mafunzo kazini kabla ya kusajiliwa, na mwaka huo hulelewa na wafamasia waliomtangulia, ambao nao walilelewa hivyo hivyo, kila mmoja kwa kadiri ya tabia yake na subira yake. Wako walezi wa ajabu miongoni mwao. Katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, wafamasia wanaendesha kliniki ya wagonjwa wa warfarini, na Chuo Kikuu cha Purdue cha Indiana kimekuwa kikipeleka huko wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho. Basi wapo Wamarekani waliojifunza kwa Wakenya namna ya kumfundisha mgonjwa asiye na saa ukutani na asiyejua kusoma. Lililobaki ni kuifanya sanaa hiyo isitegemee bahati ya mtu kumpata mlezi mwema, na kazi hiyo haingojei majengo wala fedha za wafadhili.

Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho nilialikwa kuzungumza na wafamasia wa hospitali moja ya pwani, na baada ya mazungumzo tukabaki kumi hivi, tukanywa kahawa, tukaichora ile karatasi ya pande mbili juu ya meza. Walikubaliana kwamba kila mlezi wa vijana wa mwaka wa mafunzo atatazamwa na mwenzake mara moja kwa mwezi, wakianzia na kliniki ya kisukari, mahali ambapo wagonjwa hufundishwa kujidunga insulini katika chumba chenye watu wengi. Mmoja akauliza ni nani atakayethubutu kukaa nyuma ya mkuu wa idara na kumwandika. Mkuu mwenyewe alikuwapo. Akaweka kikombe chini, akasema kliniki ni Jumanne saa mbili asubuhi, na kwamba wa kwanza kutazamwa atakuwa yeye.